Kambi ya Ziwa Jipe: kumbukumbu na desturi za kambi ya ziwani ambayo hakuna aliyeogelea

MWANZISHA UZI (Tudor)

Asalaam aleikum ndugu zangu, na kwa wenzetu wasio Waislamu, hamjambo nyote.

Juzi nilipokuwa nikipanga sanduku la marehemu mama yangu, nilikuta mfuko wa kitambaa wenye vifuu vinne vya nazi, kila kimoja kimetobolewa tundu na kuchorwa namba kwa msumari uliopashwa moto. Sidhani kama mama aliwahi kujua ni vya nini, lakini alijua kwamba ni vyangu, na hakuvitupa kwa zaidi ya miaka 20. Ni vifuu vya kambi ya likizo ya Agosti ambayo chama chetu cha vijana hapa Mombasa kilikuwa kikiifanya kando ya Ziwa Jipe, wilaya ya Taita-Taveta ya wakati huo, katika miaka ya 1990. Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 12, nikarudi mara nne zaidi, na mara mbili za mwisho nilikuwa mlezi wa hema. Nimefungua uzi huu ili nieleze desturi za kambi ile jinsi ninavyozikumbuka, na kuwaomba waliokuwepo waongeze au wanisahihishe, kwa kuwa hazikuandikwa popote na walezi wetu wawili wa mwanzo wameshatangulia mbele ya haki.

Nianze na jambo ambalo huwashangaza wote ninaowasimulia. Katika kambi hiyo ya ziwani hakuna mtoto hata mmoja aliyeogelea. Sisi tulikuwa watoto wa kisiwani, wengine wetu tukiwa tumejifunza kuruka majini kwenye ngazi za bandari ya zamani kabla hatujajua kusoma, na tuliposikia kwamba tunapelekwa kambi ya ziwani kila mtu alifungasha nguo ya kuogelea. Tulipofika tukaambiwa kwamba ziwa lina mamba, lina viboko, na maji yake ya pwani pwani yana kichocho. Mahema yetu yalikuwa hatua kama 200 kutoka ukingoni, na kwa siku nane hatukuyagusa maji yale hata kwa kidole cha mguu. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na ninaamini kwamba karibu kila desturi tuliyoipenda kambini ilizaliwa na marufuku hiyo, kwa sababu watu walionyimwa kuingia majini hawana budi kutafuta namna nyingine ya kukaa nayo.

Safari yenyewe ilikuwa na desturi zake. Basi la kukodi liliondoka baada ya sala ya alfajiri, likavuka Makupa, likapita Mariakani, Samburu na Taru, na kituo cha kwanza kilikuwa Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali ulio kando ya reli. Wasafiri wengi wa barabara ile husimama hapo kuomba dua na kutoa sadaka, nasi tulisimama, Waislamu wakiingia ndani na Wakristo wakingoja kivulini, kisha wote tukala mahamri na mbaazi tulizofungiwa na mama zetu. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha mwisho cha nyumbani. Voi tuliiacha barabara ya Nairobi tukashika ya Taveta, na siku hizo lami iliishia Mwatate. Zaidi ya hapo vumbi jekundu liliingia kila penye upenyo, tukajifunga leso puani hadi tukafanana na wasafiri wa jangwani. Karibu na Taveta mlezi mkuu alilisimamisha basi akatuonyesha kilima cha Salaita, mahali ambapo tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza yalirudishwa nyuma na Wajerumani, akatueleza kwamba reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Sikumbuki kama tulisikiliza vizuri. Tulikuwa tukilitafuta ziwa kwa macho.

Na tulipoliona, wengi tulinyamaza kwa kuvunjika moyo. Tulitarajia mawimbi. Ziwa Jipe halina kina, sehemu nyingi halifiki mita 3, na upande wetu wa Kenya ukingo umejaa matete na mafunjo, kwa hiyo maji yanaonekana vipande vipande kama kioo kilichovunjika, na ng'ambo yake imesimama milima ya Upare iliyo upande wa Tanzania. Mtoto mmoja wa Likoni, aliyekuwa na umri wa miaka kama 10, alimuuliza mlezi, "Yanapwa saa ngapi?" Mlezi akamjibu kwamba maji haya hayapwi wala hayajai. Tulikaa kimya tukilitafakari jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna maji mengi kiasi kile yasiyokwenda popote na kurudi.

Jioni hiyohiyo ndipo ilipoanza desturi ninayoipenda kuliko zote, nayo tuliiita kungoja maji. Nusu saa kabla ya jua kuchwa tuliketi kwa mstari juu ya tuta, askari wa hifadhi mwenye bunduki akiwa upande mmoja na mlezi upande wa pili, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka jua lizame nyuma ya milima ya Upare. Kazi yetu ilikuwa kutazama na kukumbuka. Usiku, kwenye moto, kila hema lilitoa taarifa ya liliyoyaona, na hema lililoona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona ndilo lililochagua hadithi. Siku ya kwanza taarifa zilikuwa fupi: ndege, matete, maji. Kufikia siku ya nne watoto walikuwa wakibishana juu ya mdiria, ndege mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mbawa kabla ya kujitupa kama jiwe, iwapo alikosa samaki mara tatu au mara nne. Tulijifunza kumtambua furukombe kwa sauti kabla ya kumwona. Tulijifunza kwamba kiboko hutokeza masikio kwanza, na kwamba mvuvi akisimama ghafla ndani ya mtumbwi na kuuinua upondo wake bila kuuchovya, basi ameona kitu mbele yake. Jioni moja walishuka tembo 11 kutoka Tsavo kuja kunywa, na watoto 40 wa Mombasa, ambao darasani hawakunyamaza hata kwa kiboko cha mwalimu, walikaa dakika nzima nzima bila mtu kukohoa.

Sitaki kuurefusha ukurasa huu kupita kiasi. Nitaeleza habari za vifuu, leso na ukoko nikipata nafasi. Kwa sasa nangoja kusikia kutoka kwa waliokuwepo.

MCHANGIAJI WA 2 (Kisauni)

Ndugu mwanzisha uzi, nimeusoma mchango wako kwa makini na umenigusa, lakini nina watoto watatu na siwezi kuacha kuuliza. Mamba, viboko, tembo, na watoto 40 waliotoka mjini? Walezi wenu walitumia busara gani kuchagua mahali pale badala ya ufuo wowote wa Kilifi au Diani, ambako mngeoga mpaka mchoke? Sikuulizi kwa ubishi. Shule ya mwanangu inapanga safari kama hiyo na ninataka kujua niwaulize nini.

MWANZISHA UZI (Tudor)

Dada yangu, swali lako ni la haki, na jibu lake ndilo litakalonifikisha kwenye vifuu.

Hatari kubwa ya ziwa lile haikuwa mamba. Ilikuwa kiboko, kwa sababu mchana hukaa majini lakini usiku hutoka kwenda kula nyasi, na hupita njia zilezile kila siku. Mtu akijikuta amesimama baina ya kiboko na maji yake, yuko hatarini. Kwa hiyo kabla ya hema la kwanza kusimamishwa, askari wa hifadhi alitembea na walezi wakazitafuta njia hizo, ambazo huonekana wazi kama mifereji iliyolala kwenye nyasi, na mahema yakawekwa mbali nazo, yote yakitazamana kuuzunguka moto. Baada ya saa mbili usiku hakuna aliyetoka nje ya duara peke yake kwa sababu yoyote, na kwenda chooni kulihitaji mlezi, taa na mwenzi. Kuhusu kichocho, tulielezwa kwamba vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu anayesimama majini, hata kama hana kidonda, na kwamba dawa ipo lakini kinga ni kutoingia. Maji ya kunywa na kupikia tulikuja nayo kwenye mitungi kutoka Taveta na bado yalichemshwa.

Sasa vifuu. Skauti wa nchi nyingi wana desturi ya kuwagawa watoto wawili wawili wanapokuwa karibu na maji, na mlezi wetu mkuu, aliyelelewa katika uskauti, aliichukua akaivika nguo ya pwani. Kila mtoto alipewa kifuu chenye namba, upande wa nje umekwanguliwa na kupakwa chokaa, upande wa ndani umeachwa mweusi. Vifuu vilitundikwa kwenye ubao uliofungwa mtini. Ukiondoka kambini kwenda kwenye tuta, kuni au soko, unageuza kifuu chako kionyeshe weusi. Ukirudi, unakigeuza kionyeshe weupe. Namba zilikwenda kwa jozi, 1 na 2, 3 na 4, na mwenzi wako hakuwa rafiki yako wa mtaani ila mtoto ambaye hukuwahi kumwona. Firimbi ikilia, unamshika mwenzi wako mkono na kuinua juu mikono iliyoshikana, na mlezi anahesabu mikono. Kwa miaka yote niliyokwenda hatukuwahi kupungukiwa na mkono.

Waulize walimu wa mwanao mambo mawili tu: nani anayehesabu watoto, na anahesabu mara ngapi kwa siku. Wakisita kujibu, mwache mtoto nyumbani.

Na kuhusu Diani, tulikuwa na bahari siku zote. Walezi walitaka tuyaone maji tusiyoyajua.

MCHANGIAJI WA 3 (Majengo)

Nilikuwepo. Kifuu changu kilikuwa namba 27 na bado ninacho, kimetundikwa sebuleni na wanangu hudhani ni pambo.

Nikuongezee la leso kwa sababu umeligusa ukaliacha. Mama zetu, kwa kuwa hawakuliamini lile neno "hema", walitufungia leso doti mbili mbili. Usiku zilikuwa shuka, asubuhi zilikuwa mataulo, na wasichana walipokwenda kuokota kuni walizikunja kuwa kata za kichwani. Lakini kila hema lilitoa leso moja ikawa pazia la mlango, na maneno yake ndiyo yaliyokuwa jina la hema kwa siku zote nane. Sisi tulikuwa Wema Hauozi. Jirani zetu walikuwa Mgeni Njoo Mwenyeji Apone, na kulikuwa na hema la wavulana lililoitwa Usisafirie Nyota ya Mwenzio, ambalo kwa kweli lilishindwa vitendawili kila usiku. Mlezi akiita kazi asubuhi utamsikia akisema kwa sauti kubwa, "Wema Hauozi, jikoni! Mgeni Njoo, kuni!" na mpaka leo nikiona leso yenye maneno hayo dukani Biashara Street moyo wangu huruka.

Hata hivyo nakusahihisha kwa jambo moja kabla hujalieleza, kwa kuwa nimeona umelitaja. Ukoko haukuwa wa wachota maji. Ukoko ulikuwa wa walioshindwa vitendawili.

MWANZISHA UZI (Tudor)

Namba 27! Nimefurahi kupita ninavyoweza kuandika.

Kuhusu ukoko huenda sote tuna haki, maana mimi nilianza mapema kidogo na desturi hubadilika. Niwaeleze wasiokuwepo. Wali wa nazi ulipikwa kwa sufuria kubwa juu ya mafiga matatu, na ulipokaribia kuiva mpishi, ambaye alikuwa mama mmoja mtu mzima wa Kuze, aliondoa moto chini, akafunika kwa sinia la chuma na kupalia makaa juu. Watoto wa majiko ya gesi hawakuwahi kuona wali ukipikwa kutoka juu. Ukoko uliobaki chini ya sufuria ulikuwa wa rangi ya dhahabu, mgumu, wenye harufu ya nazi na moshi, na mwaka wangu wa kwanza walipewa jozi mbili zilizobeba mitungi ya maji kutoka garini. Kama baadaye ulipewa walioshindwa vitendawili, nadhani yule mama alifanya hivyo makusudi, kwa sababu hakupenda kuona mtoto akilala na uchungu. Nakumbuka akisema kwamba aliyetoa mji asikose na chakula.

Kwa wasiojua, tulipotega kitendawili na wapinzani wakashindwa, walitupa mji kabla ya kupata jibu. Hema letu mwaka mmoja lilimiliki Malindi, Lamu, Kismayu na Zanzibar usiku mmoja, na mtoto aliyetuletea Zanzibar alitembea kesho yake yote kama liwali.

MCHANGIAJI WA 4 (Bamburi)

Nimeufuata uzi huu tangu jana usiku. Mimi sikwenda Jipe, nilikwenda Ziwa Chala na kikundi cha kanisa letu, na naomba nafasi ndogo ya kulitetea ziwa langu.

Chala liko kaskazini ya mji wa Taveta, ndani ya kasoko ya volkano ya zamani, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji yake. Unatembea kwenye nyika kavu huoni dalili yoyote ya ziwa, kisha ardhi inakatika miguuni pako na unaliona kule chini, kama mtu aliyemwaga wino kwenye bakuli. Kina chake kinapita mita 90. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala ukitoka, kwa kuwa maji yake mengi hupita chini ya ardhi kutoka upande wa Kilimanjaro. Rangi hubadilika kwa majira, mara buluu nzito, mara kijani. Kuna aina ya samaki, ndugu wa ngege, ambaye asili yake ni ziwa hilo peke yake. Nasi pia hatukuogelea, kwa sababu ya mamba. Mwaka 2002 msichana mmoja wa Uingereza aliuawa na mamba humo, na viongozi wetu hawakutuficha jambo hilo.

Desturi yetu ilikuwa moja tu, lakini sijaisahau. Kabla ya giza tulisimama kwenye ukingo wa juu, na kila mtu, mmoja baada ya mwingine, alilitaja jina la mtu aliyemwacha nyumbani kwa sauti kubwa kuelekea ng'ambo. Kuta za kasoko zililirudisha. Tulikuwa wengi tuliotaja majina ya mama zetu. Msichana mmoja alitaja jina la ndugu yake aliyekuwa amefariki mwezi uliopita, na hakuna aliyetaka kutaja baada yake, tukashuka kimya hadi kambini.

MCHANGIAJI WA 5 (Nyali)

Naandika kama mtu aliyeziona kambi za upande wa pili. Nilipokuwa nikisoma Marekani, nilifanya kazi majira mawili ya joto katika kambi ya watoto kando ya ziwa katika jimbo la Maine, na kwa wale watu kambi ya ziwani ni jambo zito kama ilivyo kwetu maulidi ya Lamu: babu alikwenda, baba alikwenda, mtoto lazima aende. Katika eneo hilo la kaskazini-mashariki desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1881 kijana mmoja aitwaye Ernest Balch alianzisha kambi iliyoitwa Chocorua kwenye kisiwa kidogo ndani ya ziwa la Squam, jimbo la New Hampshire, akiwa na nia ya kuwatoa wavulana wa familia zenye uwezo kwenye mahoteli ya mapumziko, ambako aliona wanaharibika kwa kutofanya lolote, na kuwafundisha kupika, kufua na kuendesha mitumbwi wenyewe. Haikudumu hata miaka kumi, lakini mfano wake ulienea.

Nilipousoma uzi huu nilishtuka kwa jinsi mambo yanavyofanana. Ubao wa vifuu tulikuwa nao kule pia, ila wao walitumia vibati vya rangi, nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili, na firimbi ikilia watoto waliinua mikono wawili wawili ndani ya maji. Wao waliogelea, bila shaka. Siku ya kwanza kila mtoto alipimwa, na maji yale hata mwezi wa Julai yalikuwa baridi kiasi kwamba mimi, mtoto wa Nyali, nilipoingia nilidhani moyo umesimama. Usiku walioka peremende laini nyeupe kwenye vijiti na kuzibana kati ya biskuti na chokoleti, chakula ambacho maelezo yake yalichapishwa na Girl Scouts mwaka 1927, na mtoto aliyeiunguza peremende yake alipewa nyingine bila kuulizwa. Nilimkumbuka yule mama wa ukoko ingawa sikuwahi kukutana naye.

Lakini kungoja maji hatukuwa nako. Kulikuwa na ratiba ya kila dakika 45, kengele baada ya kengele, na watoto walilijua ziwa kwa ngozi zao lakini sidhani kama wengi waliwahi kulitazama. Kulikuwa na ndege mmoja wa majini aliyelia usiku kwa sauti ya kuomboleza, na nilipowauliza watoto wa hema langu kama wamemsikia, wawili tu kati ya wanane ndio waliosema ndiyo. Laiti ningekuwa nimewahi kwenda Jipe kabla ya kwenda Maine, ningewakalisha kwenye tuta.

MWANZISHA UZI (Tudor)

Ndugu wa Nyali, ahsante sana, na dada wa Bamburi, habari ya yule msichana imenikaa kifuani tangu niliposoma. 

Namalizia na asubuhi na usiku wa mwisho, kisha niwaachie wengine.

Alfajiri ya kambi ilianza kwa adhana. Mvulana mmoja wa Mji wa Kale alikuwa na sauti nzuri, naye alisimama karibu na ubao wa vifuu akielekea kibla, na viboko walikuwa wakimjibu kwa ile milio yao mizito kutoka majini. Wakristo walikuwa wameshaamka nao, kwa kuwa hakuna aliyeweza kulala kwa sauti zile, wakawa wanawasha moto ili wenzao wakimaliza kusali wakute chai ya tangawizi tayari. Na hapo, kushoto ya kibla, kabla ya mawingu kupanda, Kilimanjaro ulikuwa umesimama wote, mita 5,895, theluji yake ikiwa na rangi ya waridi. Kufikia saa mbili asubuhi ulikuwa umekwisha kujifunika. Walalao hawakuuona, na baada ya siku mbili hakukuwa na mlalaji.

Asubuhi moja mlezi mkuu alitueleza njia ya maji, na hili naliweka hapa kwa sababu ndilo lililonifanya nisome jiografia. Maji ya Jipe, alisema, hutoka Kilimanjaro kwa mto Lumi, na mengine hushuka kutoka milima ya Upare. Yakitoka ziwani huwa mto Ruvu, Ruvu huingia katika mto Pangani, na Pangani humwaga baharini kwenye mji wa Pangani, pwani ya Tanzania. Yule mtoto wa Likoni aliyeuliza habari ya kupwa alisimama akasema, "Kumbe yanakwenda kwetu." Mlezi akasema ndiyo, ila yanakwenda polepole. Vilevile alitukumbusha kwamba maji ya mfereji tunayokunywa Mombasa, kwa sehemu, hutoka katika chemchemi za Mzima zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Kwetu Tudor siku hizo mfereji ulikauka wiki kwa wiki na tulinunua maji ya mkokoteni kwa mtungi. Niliporudi nyumbani niliuona ule mtungi kwa macho mengine, na nilimkera mama kwa kumzuia asimwage maji ya kuoshea mchele.

Usiku wa mwisho hatukuimba sana. Mlezi alitusimulia kwamba Baden-Powell, aliyefanya kambi yake ya kwanza na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, amezikwa hapa kwetu Nyeri, alikofariki mwaka 1941, na kwamba juu ya kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wanaomfuata kwamba amerudi nyumbani. Asubuhi, baada ya moto kuzimwa kwa maji na majivu kupoa, kila jozi ilileta vijiwe viwili, tukapanga duara kuuzunguka mahali pa moto, na mtoto mdogo kuliko wote akaweka jiwe moja katikati. Kisha tukapanga mstari kwenye ubao, kila mmoja akakichukua kifuu chake akapanda basi. Kwa njia hiyo mlezi alijua kwamba ubao ukiwa mtupu, watoto wote wamo.

Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa mimi mwenye ubao. Watoto wanne walikuwa wameondoka siku moja kabla, wawili kwa homa na wawili wenzi wao waliokataa kuwaacha, wakachukuliwa na gari la mzazi usiku, na vifuu vyao vikabaki vimegeuzwa upande mweusi. Nilivichukua nikidhani nitawapelekea wiki hiyo. Nilipata kazi Nairobi mwezi uliofuata, na mama akavihifadhi. Ni namba 7, 8, 33 na 34. Majina yao sina, ila nakumbuka kwamba 33 alikuwa msichana mwenye pengo la meno ya mbele ambaye aliona nyoka wa majini siku ambayo sote hatukumwona, na akachagua hadithi.

MCHANGIAJI WA 3 (Majengo)

Namba 33 ni binti ya shangazi yangu. Homa ile ilikuwa malaria na alipona. Sasa ni muuguzi, yuko Changamwe, na nimempigia simu hivi sasa nikamsomea maneno yako. Ameuliza kama namba 34 amejitokeza, kwa sababu hajamwona tangu usiku ule ndani ya lile gari, na anachokumbuka ni kwamba alimshika mkono mpaka Voi.

MWANZISHA UZI (Tudor)

Bado hajajitokeza. Mwambie shangazi yako na binti yake nawasalimu sana. Kifuu chake nimekipangusa na nimekitia uzi mpya, nacho cha 34 nimekifunga pamoja nacho. Nitavileta Changamwe Jumamosi baada ya alasiri, inshallah, na hivyo viwili vingine vitabaki kwangu, vimetundikwa ukutani upande mweusi, mpaka wenyewe watakapoandika hapa.